Mwaka wa Mshipi na Kafi: Shajara ya Mwambani

Jumamosi, 2 Novemba 2024. Mwezi umeandama, maji ya bamvu.

Ninafungua shajara hii kwa sababu nimekwisha kuanza mazoezi mara nne na kuyaacha mara nne, na katika mara zote hizo sikuwa na maandishi yoyote ya kunionyesha nilikwama wapi. Nina umri wa miaka 43, ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Tanga, na mwezi uliopita mizani ilisoma kilo 94, kiuno sentimita 108, na shinikizo la damu 148 kwa 96. Daktari ameniandikia dawa, ambazo ninazitumia na sitaziacha mpaka yeye mwenyewe aseme, lakini alinieleza pia kwamba dawa hizo zimebeba peke yake mzigo ambao mwili wangu ungeweza kuusaidia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kazi ya kukaza misuli. Nilipopiga hesabu ya wiki yangu nilipata dakika zisizofika 40, nyingi zikiwa za kutoka darasani kwenda ofisi ya walimu.

Mjomba wangu, ambaye ni kitinda mimba kwao na mama, anavua kwa mshipi, yaani uzi wa mkononi wenye ndoana, huko Mwambani, kusini mwa mji, katika ngalawa yake mwenyewe. Wiki mbili zilizopita nilimwendea nikamwomba anichukue kuwa mwanafunzi wake kwa mwaka mmoja. Hakukubali wala hakukataa. Aliniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda ya ukutani, naye akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile, mpaka nikafahamu kwamba aliulizia mwezi wa mbinguni. Sikuwa najua. Akaniambia niende nikajue kwanza, halafu nirudi.

Sasa ninajua, na ninaandika hapa ili nisisahau. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo ndipo huwa bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo miwili hukatana, na maji huwa mafu. Hayapandi sana wala hayaendi mbali. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Katika mwambao wetu, siku za bamvu maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka kinyume chake.

Basi mpango umejipanga wenyewe. Jumamosi za maji mafu ni za mshipi, kwa sababu mkondo ni mdogo na chubwi, ile risasi ya kuuzamisha uzi, hutulia chini. Jumamosi za bamvu ni za kutembea na kukimbia kwenye mchanga unaoachwa wazi asubuhi, kisha kujifunza kuogelea jioni maji yakiwa yamejaa. Siku za kazi nitafanya mazoezi ya mikono na tumbo uani, kabla ya kwenda shule. Saa hizi za baharini hakuna hata moja niliyoichagua, na ninaona kwamba hapo ndipo mpango huu unapotofautiana na yale yote niliyoyaacha. Mazoezi ya zamani yalikuwa ya saa niliyojipangia mwenyewe, na mtu aliyejipangia saa ana ruhusa ya kuisogeza mbele. Niliisogeza mpaka ikapotea.

Leo nimetembea dakika 35. Mchanga mkavu wa juu unachosha karibu maradufu ya barabara ngumu, kwa sababu kila hatua huzama na nguvu ya mguu hupotea ndani yake, kwa hiyo nimeanzia kwenye mchanga uliolowa karibu na maji. Misuli ya nyuma ya miguu imekaza kama kamba.

Jumamosi, 9 Novemba 2024. Mwezi 7 Mfungo Nane (mwezi wa nane baada ya Ramadhani) kwa hesabu ya mjomba, maji mafu.

Nimefika Mwambani kwa baiskeli saa 10 alfajiri. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mpwa wangu. Mwezi ngapi?" Nikamjibu, naye akanipa kafi.

Kwa kuwa maji mafu hayaendi mbali, ngalawa ilikuwa karibu na tulihitaji kuisukuma hatua chache tu. Umande, yaani upepo ule wa bara unaovuma usiku kuelekea baharini, ulikuwa umelegea, basi tukavuta kafi kuelekea kisiwa cha Yambe. Nilidhani nina mikono yenye nguvu. Baada ya muda mfupi mabega yaliwaka moto na ngalawa ikawa inapinda upande wangu kila nilipokosa mpigo. Mjomba aliacha kuvuta, akaniwekea kiganja chake chini ya mbavu, akasema, "Hapa ndipo kafi inapovutwa." Mkono wa chini hushika tu, kinachofanya kazi ni mgongo na kiuno vinavyojizungusha kidogo kila kafi inapoingia majini. Nilijaribu, nikapoteza, nikaipata tena mara tatu au nne kabla hatujafika.

Tulipotia nanga nikatapika. Ngalawa iliyosimama huchezeshwa na wimbi kuliko iliyo mwendoni, hata ikiwa na mirengu, mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, pande zote mbili. Sikushika mshipi leo. Malengelenge sita, manne mkono wa kulia.

Jumamosi, 23 Novemba 2024. Maji mafu.

Leo nimeshika mshipi, na ninataka kueleza kwa kirefu, kwa sababu sijawahi kufanya kazi inayodai umakini kiasi hiki ilhali mwili wote umetulia.

Mshipi wetu ni uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, mwishoni una chubwi la risasi na ndoana mbili, na chambo ni vipande vya ngisi vilivyokatwa vyembamba kama ukanda wa kandambili ili viyumbe majini. Unauachia mpaka chubwi ligonge chini, nawe unausikia ukilegea ghafla mkononi. Kisha unaupandisha shubiri mbili na kuulaza juu ya kidole cha shahada. Kuanzia hapo kidole hicho ndicho jicho lako. Mjomba anapima kina kwa kunyosha mikono miwili, pima moja kila mara, na leo tulikuwa kwenye pima 14, ambazo ni kama mita 25. Mita 25 za uzi, na mwisho wake kuna jambo linatendeka ambalo hulioni.

Nilivuta ovyo mara nyingi. Kila mkondo ulipougusa mshipi nilidhani ni samaki, nikapandisha pima zote 14, nikakuta chambo kizima. Mjomba hakusema kitu mpaka mara ya tano, ndipo aliponieleza kwamba mkondo husukuma mfululizo, mwamba hukamata na hauachii, bali samaki hudonoa. Changu hudonoa mara mbili, huacha, kisha huja kwa uzito. Ukimvuta kwenye mdono wa kwanza unamnyang'anya chakula mdomoni. Wale wadogo wa miambani hutetemesha uzi tu bila kuuvuta, na hao hukumalizia chambo.

Nikafumba macho. Ilinichukua muda mrefu, na nikiwa katika muda ule nilitambua kwamba tangu tutie nanga sikuwa nimefikiria shule, wala deni, wala kipimo cha shinikizo. Kidole kikapata mdono mmoja, wa pili, kimya, halafu uzito ukaja kama mtu aliyeketi ghafla kwenye ncha ya kamba. Nilivuta mkono kwa mkono, na alipotokeza alikuwa changu wa kujaa kiganja na nusu, rangi ya fedha iliyochanganyika na kijani hafifu, midomo minene. Mjomba alimtazama akasema, "Huyo amekuja mwenyewe." Nilifurahi mno, na ninaiandika furaha hiyo kama ilivyokuwa.

Changu wanne jumla, watatu wa mjomba. Uzito wangu kilo 92.

Jumamosi, 14 Desemba 2024. Mkesha wa mwezi mpevu, bamvu.

Asubuhi nimetembea saa nzima, ndani yake nikikimbia dakika 2 na kutembea dakika 3 kwa zamu. Jioni, maji yalipojaa, nilikwenda Ras Kazone kwa somo la tatu la kuogelea.

Nimezaliwa mwambao na nimefika miaka 43 bila kujua kuelea, na najua siko peke yangu; wapo hata wavuvi wanaotegemea chombo pekee, na chombo kikipinduka hawana la kufanya. Anayenifundisha ni kijana niliyemfundisha hisabati kidato cha pili, ambaye siku hizo nilimwona mzito wa kuelewa na nikamwambia hivyo mbele ya wenzake. Yeye hajanikumbusha. Leo aliniwekea mkono mgongoni, akanitaka nilaze kichwa mpaka masikio yaingie majini, nijaze mapafu, nisipigane na maji. Nilizama mara nyingi kwa sababu nilikuwa nainua shingo kutafuta ardhi kwa macho. Kila nilipozama alisema, "Tena, mwalimu," bila haraka wala kuchoka. Nilikumbuka sauti niliyokuwa nikiitumia mimi ubaoni, nikaona aibu, na kabla ya kuondoka nikamwomba radhi kwa lile la kidato cha pili. Alisema alikuwa amelisahau. Sidhani kama ni kweli.

Nimenunua majaketi okozi mawili. Mjomba anajua kuogelea tangu utotoni na kwa sasa lake analikalia, lakini nimemwambia sitapanda ngalawani asipolivaa, na amenyamaza, jambo ambalo kwake ni dalili njema.

Jumamosi, 4 Januari 2025. Kaskazi, maji yanaelekea kufa.

Somo la leo lilikuwa la kuujua mwamba ulipo. Hatuna chombo cha kuonyesha mahali, na bahari haina alama. Mjomba alinionyesha minazi miwili mirefu ya ufukweni, mmoja mbele na mwingine nyuma yake, akanitaka nivute kafi mpaka ule wa mbele uufunike wa nyuma. Kisha tukafuata mstari huo kwenda nje mpaka ncha ya kisiwa ikakutana na kilima cha bara upande mwingine. "Tia nanga." Nikaachia mshipi, na chubwi likagonga jiwe, si mchanga.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kila mwaka ninawafundisha watoto kwamba mistari miwili isiyo sambamba hukutana katika nukta moja tu, ninawaandikia milinganyo miwili ubaoni, na wengi wao hunitazama kama mtu anayewasomea barua ya mtu mwingine. Mjomba aliacha shule darasa la nne, na hiyo ndiyo hesabu aliyolishia watoto saba. Nilipomweleza kwamba ninaifundisha, alitaka kujua ninaifundishia wapi. Nikamwambia darasani. Akauliza kama dirisha la darasa linaona bahari. Shule zikifunguliwa, nitawatoa watoto nje.

Njiani kurudi tulipita juu ya mahali ambapo maji ni machache na unaweza kuona chini: matumbawe yaliyovunjika vipande vipande kama vigae, hakuna kitu kinachotembea. Ni kazi ya baruti. Pwani ya Tanga iliumizwa na uvuvi huo kwa miaka mingi, na ingawa milipuko imepungua sana, vifusi vile havishikani, hutikiswa na kila wimbi, kwa hiyo tumbawe jipya halipati pa kushika na mahali panabaki jangwa. Mjomba alitaja majina ya samaki waliokuwa wakipatikana pale alipokuwa kijana, mmoja baada ya mwingine: chewa, pono, tasi, kolekole. Mshipi humchukua samaki mmoja kwa ndoana moja, na mdogo unaweza kumrudisha akiwa hai. Sikuwa nimefikiri kabla ya leo kwamba namna ya kuvua ni namna ya kuamua watakaokuja baadaye wakute nini.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Kaskazi kali.

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Niliingia mwaka huu nikiwa nimeandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari: safari 24, kilo 78. Leo ingekuwa safari ya sita. Niliamka saa 9 usiku, nikaendesha baiskeli gizani, tukavuta kafi mpaka karibu na mlango wa mwamba, na kulipoanza kupambazuka mjomba akaona mawimbi ya nje yakipasuka vilele vyeupe. Akageuza ngalawa bila kuniuliza. Nilimwambia kwa ukali kwamba anaogopa upepo ambao vyombo vingine vinautokea, na kwamba nimeamka usiku wa manane kwa ajili ya nini basi. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Hakujibu. Tuliweka tanga, upepo ukiwa wa ubavuni, na hata huku ndani wimbi liliingia mara kadhaa. Nilishika upo nikafua maji karibu njia nzima, mpaka mikono ikatetemeka. Huku ndani ya mwamba. Nikiwa ninafua nilianza kupiga hesabu ya huko nje ingekuwaje, na sikuifikisha mwisho.

Tulipoiburura ngalawa mchangani, ndipo aliposema: "Mimi hutoka ili nirudi, mpwa wangu. Samaki ni wa njiani."

Nimemwomba mjomba radhi leo hii hii, mbele ya mkewe, na amenipokea. Halafu nimeurudia ukurasa wa kwanza wa daftari. Lengo la safari 24 lilikuwa limegeuka kuwa mtu wa tatu ngalawani, mwenye haraka, asiyejua kitu kuhusu bahari, na mimi nikawa nimemsikiliza yeye. Nimelifuta. Lengo la kilo nimeliacha kwa ajili ya daktari, ila sitalipima tena kila Jumamosi. Katika shajara nitaandika mwezi, maji, upepo, nilichofanya na nilichojifunza.

Jumamosi, 22 Machi 2025. Ramadhani.

Mazoezi yamepungua, na nimepunguza kwa makusudi. Ninatembea dakika 30 kabla ya kufuturu, mwendo wa pole, na siku mbili kwa wiki ninafanya ya mikono baada ya tarawehe. Mjomba anavua akiwa amefunga. Huenda mapema zaidi na kurudi kabla jua halijakomaa. Mimi sijatoka naye mwezi huu. Daktari amepanga upya saa za dawa ziendane na daku na futari, na nimeshika utaratibu huo.

Jumamosi, 10 Mei 2025. Masika.

Wiki sita zimepita bila kutoka nje ya ghuba. Mvua, giza, mito imemwaga udongo baharini na maji ya karibu yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Muda huu tumeutumia kuishughulikia ngalawa: tumeipandisha juu, tumekwangua chini yake magamba na ukoga, tukabadilisha kamba zote za mirengu, tukaipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki mikononi kwa siku tatu. Kukwangua ukiwa umechuchumaa saa mbili ni zoezi ambalo halimo katika kitabu chochote cha mazoezi, na mapaja yangu yanaliheshimu.

Zahanati: kilo 87, shinikizo 136 kwa 87. Daktari ameacha dawa kama zilivyo na kusema tuendelee.

Jumapili, 20 Julai 2025. Kusi.

Ninaandika kwa uaminifu kwamba kuanzia katikati ya Juni mpaka wiki iliyopita sikufanya karibu chochote. Ilianza na kusahihisha mitihani, ikaendelea na baridi ya asubuhi, kisha ikawa mazoea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari zaidi ya mara moja ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na mimi nikaifanya tahadhari ya baharini kuwa ruhusa ya kulala nyumbani. Bahari ilinizuia kuvua tu, haikunizuia kutembea. Kupwa kwa bamvu kulikuja mara mbili kukanikosa.

Nimechunguza nilikwama wapi, maana ndiyo kazi ya daftari hili. Jibu ni kwamba nilikuwa nimeufunga mradi wote kwa mjomba. Yeye asipotoka, nami sina pa kwenda. Kwa hiyo wiki hii nimechukua kafi yake, kwa idhini yake, na mtumbwi mdogo wa jirani, nikavuta ndani ya ghuba peke yangu, karibu na ufuko, nikiwa na jaketi, dakika 40 asubuhi ya Jumamosi na leo tena. Kusi hata humu ndani hupiga, na ukiielekezea omo, yaani mbele ya mtumbwi, unajua mara moja kama unavutia kiuno au mikono. Nilivuta kwa kiuno bila kukumbushwa.

Jumamosi, 16 Agosti 2025. Mwezi nusu, maji mafu, kusi inalegea.

Tumetoka kwa mara ya kwanza tangu Machi kuingia. Bahari ilikuwa na mgongo mrefu uliobaki wa kusi lakini bila vilele vyeupe. Mjomba amevaa jaketi lake, amelifunga mwenyewe mikanda yote mitatu.

Karibu na saa 2 asubuhi nilipata uzito ambao haukudonoa. Ulipita na mshipi kama baiskeli inayoteremka mlima. Nilikuwa nimevaa vipande vya mpira wa tairi vidoleni, kama anavyofanya mjomba, na hata hivyo niliusikia uzi ukipasha mpira moto. Kosa la mwanzo ni kukaza. Samaki mwenye nguvu ukimkazia katika mbio yake ya kwanza hukata uzi au hunyosha ndoana. Nilimpa. Alipopungua nikavuta pima mbili, akachukua tatu. Nikavuta nne, akachukua moja. Mgongo ulifanya kazi, miguu ilijikaza kwenye mbavu za ngalawa, na pumzi nilizipanga kama nilivyofundishwa Ras Kazone, kujaza na kuachia polepole. Mwaka jana mikono hii isingefika nusu ya kazi ile. Mjomba aliweka mshipi wake chini na kusogeza kafi zisininase, hakunishikia.

Kolekole, ubavu kama sinia. Kwa mizani ya mnunuzi wa ufukweni kilo 7 na robo. Hatukumuuza. Nusu amekwenda nayo mjomba, kichwa kwa jirani mwenye mtumbwi, kipande kwa yule kijana wa Ras Kazone, na uliobaki tumeupika wa nazi nyumbani. Mwanangu wa kiume aliuliza kama anaweza kuja safari ijayo. Nimemwambia aende kwanza akajue leo mwezi ngapi.

Jumapili, 7 Septemba 2025. Mwezi mpevu, bamvu kubwa.

Bamvu zinazokaribia siku ya mlingano wa usiku na mchana huwa kubwa kuliko nyingine, na asubuhi maji yalikwenda mbali kuliko nilivyowahi kuona. Wanawake wa kijiji walikuwa wametapakaa kwenye mwamba na vijiti vyao, wakitafuta pweza. Nimekimbia dakika 30 mfululizo bila kusimama, mara ya kwanza katika maisha yangu ya utu uzima.

Usiku mwezi umepatwa. Nilirudi ufukweni na mwanangu, tukakuta watu wengi wamekwisha kuswali swala ya kupatwa na wengine wamekaa mchangani. Saa 2 na nusu hivi mwezi wote ulikuwa umeingia kivulini, mwekundu kama shaba iliyozeeka, na hapo hapo maji yalikuwa yakiendelea kupwa, yakirudi nyuma gizani kwa sauti ndogo ya kokoto. Mwanangu aliuliza kama maji nayo yatasimama mpaka mwezi urudi. Mjomba alimjibu kwamba mwezi uko pale pale, ni mwanga tu uliofichwa. Nikamwonyesha kwa chungwa, tochi na ngumi yangu jinsi dunia inavyosimama katikati, na kwa nini kupatwa kwa mwezi hakutokei isipokuwa usiku wa mwezi mpevu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nirudie.

Jumamosi, 13 Septemba 2025. Maji mafu.

Tumekuwa watatu leo. Mwanangu mbele na upo, mjomba katikati, mimi nyuma kwenye usukani. Mjomba alifunika macho kwa kilemba na kusema atalala kidogo. Nimpeleke kwenye jiwe la pima 14.

Niliupata mstari wa minazi bila shida. Ncha ya kisiwa na kilima zilinisumbua, kwa sababu bara kulikuwa na ukungu mwepesi wa asubuhi, na nilipita nikarudi mara mbili. Nilipotia nanga na kuachia mshipi, chubwi lilitua kimya. Mchanga. Nilingoja mjomba aseme kitu, hakusema, kilemba kikiwa bado usoni. Nikang'oa nanga, nikavuta kafi kama urefu wa ngalawa nne kuelekea kusini, ukungu ukawa umepanda, nikatazama tena minazi, nikatazama kilima, nikatia nanga. Mwanangu akaachia mshipi wake, akahesabu pima kwa sauti, na kwenye ya 14 tulisikia sote, hata aliyejilaza, jinsi uzi ulivyogutuka mkononi mwake.

Mjomba aliondoa kilemba. "Jiwe," alisema, akaanza kukata ngisi.

Changu tisa. Zahanati wiki hii: kilo 83, kiuno sentimita 96, shinikizo 128 kwa 82, daktari amepunguza kipimo cha dawa moja na anataka kuniona tena baada ya miezi mitatu. Safari ijayo ni tarehe 27 Septemba, mwezi ukiwa mchanga na maji yanaelekea kufa. Kabla ya hapo ninatakiwa kununua ndoana, kubadilisha kamba ya nanga iliyolika karibu na fundo, na kumtafutia mwanangu jaketi la saizi yake.